Maskani Kando ya Ziwa Champlain

Miji midogo yenye rai yake si mingi duniani, na iliyopo aghalabu husifiwa na wapita njia zaidi ya wakazi wake. Kwa hiyo mtu mwenye ahali, mwenye watoto wanaohitaji shule na mke mwenye kazi yake, hawezi kuzitwaa sifa za wapita njia akazifanya hoja ya kuhamisha nyumba. Burlington, katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ni mmoja wa miji hiyo. Sifa zake nalizisikia kwa muda mrefu nikiwa Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York, ambako mimi na mke wangu tumefanya maskani tangu tulipotoka Tanga: kwamba ni mji mkubwa kuliko yote katika jimbo lake na bado, katika hesabu ya watu ya mwaka 2020, haukufikisha watu 45,000, kwamba watu wake wanamiliki kwa ushirika duka lao la vyakula, na kwa baraza lao la mji wanamiliki umeme wao, kwamba msafiri huweza kulivuka jimbo zima asione bango la biashara limesimamishwa kando ya barabara, kwa kuwa sheria ya mwaka 1968 iliyapiga marufuku, na kwamba, jambo lililonigusa kuliko yote, katika bonde lililo pembezoni mwa mji kuna watu wanaolima mahindi na bamia huku wakizungumza Kizigua.

Sisi tunaishi kwa kupanga, na kodi ya nyumba imepanda mwaka baada ya mwaka hata imekula fedha tulizoziweka kwa ajili ya masomo ya watoto. Kazi yangu ni ukalimani hospitalini, kusimama baina ya daktari na mgonjwa asiyejua Kiingereza, na kazi hiyo Burlington ipo, kwani katika miaka ya karibuni Wakongomani wasemao Kiswahili wamepata makazi huko. Haja ya kuhama ilikuwapo, basi, na riziki ya kuhamia ilielekea kuwapo. Lililosalia ni mji wenyewe. Nilipofunga safari, mwishoni mwa Septemba, mke wangu, ambaye shauri lake nyumbani mwetu ndilo hutangulia, hakunituma kwenda kutazama mandhari. "Bwana," aliniambia, "maziwa na milima hata kwenye kalenda ipo. Wewe kaniulizie jambo moja: mtu kama sisi akihamia pale, atakuwa mgeni wao hadi lini?"

Gari moshi liitwalo Ethan Allen Express hutoka New York mara moja kwa siku, na Burlington limeanza kufika Julai 2022, baada ya mji huo kukaa karibu miaka 70 bila treni ya abiria ya kuuunganisha na New York. Njia hufuata kingo za Mto Hudson mpaka Albany, kisha huingia mashambani, ikapita Rutland na Middlebury. Safari ni ya saa saba na zaidi, na giza lilinikuta kabla sijaingia Vermont, hata nikashuka mwendo wa saa nne ya usiku nisione kitu ila taa chache na harufu ya maji baridi.

Ziwa naliliona asubuhi. Lina urefu wa kilomita zipatazo 190, likigawanya Vermont na New York na kuiingia Kanada kwa ncha yake ya kaskazini. Na mtu asimamapo katika bustani ya Battery Park, juu ya gema, huiona milima ya Adirondack imejipanga ng'ambo safu nyuma ya safu, ya mbele ikiwa ya buluu nzito na ya nyuma ikiwa ya buluu iliyofifia. Lakini kilichonishika hasa ni ufuo. Hauna ukuta wala lango, wala mtu hatozwi kitu kuukanyaga. Wazee walikuwa wamekaa wakitazama maji, vijana walikuwa wakivua samaki, na watu wa kila umri walikuwa wakipita kwa baiskeli katika njia ya kilomita 13 iliyojengwa juu ya tuta la reli ya zamani. Mimi ni mwana wa Tanga, mji ambao baiskeli ni chombo cha mwalimu na cha muuza samaki sawasawa, na moyo wangu uliinamia mahali pale kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza maswali yake.

Ufuo ule haukubaki wazi kwa bahati. Katika karne ya 19 palikuwa na bandari ya mbao, miongoni mwa zilizokuwa kubwa kabisa katika Marekani. Biashara ilipohama, pakabaki uwanja wa matangi ya mafuta na reli zilizoota magugu. Katika miaka ya 1980 ukatolewa mpango wa kujenga hapo nyumba za bei kubwa, hoteli na maduka, na mwaka 1985 wapiga kura wakaulizwa kama mji uchukue mkopo kuusaidia mpango huo. Meya mwenyewe aliuunga mkono. Waliokubali walikuwa wengi kuliko waliokataa, lakini hawakufika theluthi mbili zilizotakiwa, na mpango ukaanguka. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Vermont ikaamua kwamba ardhi ile, iliyopatikana kwa kufukia sehemu ya ziwa, ni amana ya umma, wala haifai kuelekezwa kwingine isipokuwa katika manufaa ya umma. Nilipokuwa nikisoma habari hizo katika maktaba ya mji, nalitafakari jinsi maelfu ya watu, wengine kwa upendo wa ziwa na wengine pengine kwa hofu ya deni, walivyomwambia hapana meya waliyempenda, na jinsi ile hapana yao inavyokaliwa hadi leo na wazee wanaotazama maji.

Meya huyo alikuwa Bernard Sanders, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua baadaye kama seneta na mgombea urais. Mwaka 1981, akiwa hana chama kikubwa nyuma yake, alimshinda meya aliyekuwa madarakani tangu 1971, na tofauti baina yao, kura zilipohesabiwa upya, ilikuwa kura 10. Jambo hili watu wa Burlington hulisimulia kwa fahari, na mimi nalilisikiliza kwa hadhari, kwa sababu lina uzito wa namna mbili: mji ambao watu kumi wanaweza kuugeuza ni mji unaompa kila mkazi nguvu asiyoipata New York, na kwa hiyo ni mji unaomdai kila mkazi jioni zake. Mikutano ni mingi. Umeme ni mali ya mji tangu mwanzo wa karne ya 20, na mwaka 2014, ulipolinunua bwawa dogo la kuzalisha umeme katika Mto Winooski, ukatangaza kwamba umeme wake wote sasa watoka katika asili zisizokwisha. Lakini sehemu kubwa ya umeme huo hupatikana kwa kuchoma vipande vya mbao, na wapo wakazi wanaosema kwa uchungu kwamba kuchoma msitu si kuihifadhi dunia. Ubishi huo haujaisha. Mtu anayetaka kuishi kwa utulivu, akalipa ankara yake na asiulizwe rai yake juu ya vipande vya mbao, atachoka upesi.

Barabara ya Church Street, ambayo tangu 1981 imefungwa kwa magari na kuachiwa waendao kwa miguu, sitaieleza sana. Ni nzuri, imetandikwa matofali, na mwisho wake wa juu lipo kanisa la matofali lenye mnara mweupe lililojengwa 1816. Madirishani na mbele ya nyumba za watu nilisoma maandishi mengi ya kuwakaribisha wakimbizi na ya kutukuza usawa wa binadamu, na siyadharau, kwa kuwa nimekwisha kuishi mahali palipoandikwa kinyume chake. Walakini swali nililotumwa halikuweza kujibiwa na maandishi ya dirishani.

Lilianza kujibiwa nilipoelezwa habari za nyumba. Sisi watu wa pwani tunaijua wakfu: mwenye mali huitoa nyumba yake au shamba lake, asili ikazuiwa isiuzwe wala isirithiwe, na manufaa yake yakaachwa yatumike kwa msikiti, kwa mayatima, au kwa watu wa mtaa, kizazi baada ya kizazi. Nilipokaa mbele ya mtumishi wa shirika liitwalo Champlain Housing Trust, naye akaanza kunieleza kazi yao, sikuhitaji maelezo ya pili, kwani alichokuwa akikieleza, kwa lugha ya mikopo na sheria za Marekani, kilikuwa ndugu wa wakfu wa babu zetu. Shirika hilo lina mizizi katika amana ya ardhi iliyoanzishwa mwaka 1984, baraza la mji lilipotoa dola 200,000 za kuanzia. Mwaka 2006 likaungana na shirika jingine la nyumba na kupata jina lililo nalo leo, na miaka miwili baadaye kazi yake ikapewa tuzo ya kimataifa ya makazi. Ardhi huwa ya amana, haiuzwi. Mnunuzi hununua nyumba iliyo juu yake kwa bei iliyopunguzwa, akaishi humo, akairithisha watoto wake apendapo. Lakini siku atakapoiuza, hurudishiwa alicholipa, pamoja na robo tu ya kile ambacho thamani imeongezeka, na sehemu nyingine hubaki katika nyumba ile ile ili ajaye baada yake, naye akiwa mtu wa kipato cha kadiri, aikute bei anayoiweza. Nyumba za namna hiyo zimezidi 600, mbali na za kupanga. Theluthi ya viti vya baraza linalosimamia amana hukaliwa na wakazi wa nyumba zenyewe.

Wapo wanaoupinga utaratibu huu, na hoja yao si nyepesi: kwa nini familia maskini iambulie robo ya faida, wakati tajiri wa mtaa wa pili huchukua faida yake yote? Nililipima neno hilo kwa siku kadhaa, na rai yangu ni kwamba hoja hiyo humsahau mtu mmoja, naye ni yule ambaye bado hajaja, asiye na mwakilishi katika mazungumzo ya bei, ambaye chumba chake kimewekwa akiba na watu asiowajua. Jiji ninaloishi sasa halina mahali pa mtu huyo. Nalikuwa mimi mtu huyo.

Kesho yake, baada ya mazungumzo yale ya nyumba, nikateremka bondeni. Bonde hilo huitwa Intervale, uwanda ulio chini kando ya Mto Winooski, wenye udongo mweusi ulioletwa na mafuriko ya karne nyingi. Waabenaki waliulima kabla ya Mzungu kufika, na baadaye ulitupwa ukawa jaa la taka na makaburi ya magari, mpaka mwaka 1988 mfanyabiashara wa vifaa vya bustani, Will Raap, alipoanza na wenzake kuusafisha na kuurudisha katika kilimo. Leo yapo mashamba ya mboga yanayolisha mji. Upande mmoja wa uwanda huo, karibu na nyumba ya kale ya Ethan Allen, yule ambaye gari moshi limepewa jina lake, viko viwanja vya mpango uitwao New Farms for New Americans, chini ya jumuiya iliyoanzishwa na Waafrika wa Vermont wenyewe, ambapo waliokuja kama wakimbizi kutoka Afrika na Asia hupewa vipande vya ardhi walime vyakula vyao.

Nilianza kuona mahindi, marefu, yamekwisha kukauka yakiwa juu ya mabua. Kisha maboga yametambaa, bamia zilizokomaa mno, na mchicha. Mama mmoja, mtu mzima, amejitanda kanga juu ya koti zito, alikuwa akivunja mahindi na kuyatia kapuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe watoka wapi? Kiswahili chako si cha Kakuma."

"Natoka Tanga, mama."

Aliweka kapu chini. "Tanga hiyo yenye Handeni?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mama. Handeni iko katika mkoa wetu. Mimi kwetu ni mjini, pwani."

"Basi wewe ni wa kwetu," akasema. "Wazee wetu walitolewa huko."

Habari hiyo nalikuwa nimeijua vitabuni, lakini kitabu hakishiki mkono wa mtu. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga nchi ya Wazigua, na katika dhiki ile watu wengi walichukuliwa majahazini kwenda kaskazini, wakauzwa utumwani katika mashamba ya pwani ya Benadir. Wengi walitoroka, wakavuka nyika hadi misitu ya Mto Juba, na masimulizi yao humtaja mwanamke aitwaye Wanakhucha kuwa ndiye aliyewaongoza. Huko wakalima, wakaishika lugha yao, ijapokuwa walizungukwa na Kisomali pande zote. Vita vya Somalia vya 1991 vikawatoa tena. Wengine walivuka wakaingia Tanzania, na serikali ikawapa ardhi Chogo, katika wilaya ya Handeni, kisha uraia, na kwa hivyo vizazi vingi baada ya ile njaa wakarejea walikotoka. Wengine walikaa miaka mingi katika kambi za Dadaab na Kakuma, na kuanzia mwaka 2003 Marekani ikaanza kuwapokea, wakatawanywa katika miji ambayo hawakuwahi kuisikia, mmojawapo ukiwa Burlington. Nafsi yangu iliona haya kidogo pale shambani, kwa kuwa majahazi yale yalipakia katika bandari za pwani yetu, nami ni mwana wa pwani hiyo. Lakini mama yule hakunihesabia. Alinipa hindi la kuchoma nyumbani.

Nikamwuliza swali la mke wangu, kwamba yeye amekuwa mgeni hapa hadi lini. Hakulijibu upesi. Akanionyesha mti ulio ukingoni mwa shamba, mahali ambapo matope yalikuwa yameacha alama juu ya gome. Julai 2023 mto ulifurika, ukafunika uwanda wote, mazao yakaharibika yote katika msimu ambao hapa haurudiwi. Na Julai iliyofuata, karibu tarehe zile zile, ukafurika tena. "Walikuja watu siwajui," alisema, "wazungu, watoto wa chuo, mabibi wazee. Tukatoa matope pamoja. Siku ile hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Wakaniuliza koleo liko wapi." Halafu akaongeza, bila ya mimi kumwuliza, kwamba kipande chake cha ardhi ni kidogo, kwamba hupewa kwa mwaka na si chake, kwamba nyumba bado hupanga na kodi humsumbua, na kwamba wajukuu wake hawakijui Kizigua ila maneno ya jikoni.

Wazee wetu waliagiza mgeni akaribishwe siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Katika ukalimani wangu nimeona miji mingi ikifanya yale ya siku mbili kwa ukarimu mkubwa, ikigawa blanketi na vyakula vya makopo na kupiga picha, na siku ya tatu isifike kamwe, hata mtu akakaa miaka kumi akipokea asichokiomba na kunyimwa anachokiweza. Hapa nilimwona mtu amepewa jembe. Ardhi haijawa yake, hilo ni kweli, na nalisema kwa kuwa lisiposemwa sifa zangu zitakuwa za mpita njia. Ila amepewa jembe, na mto ulipofurika alihesabiwa miongoni mwa waliopoteza, si miongoni mwa waliosaidiwa tu.

Sasa nieleze yaliyonitia hofu, kwa maana mwenye kuhama na watoto hana ruhusa ya kuyaficha. Dereva wa basi mmoja, Mkongomani wa Bukavu, aliponisikia nikizungumza kwenye simu alifurahi sana, tukazungumza mpaka mwisho wa njia, na alipoisikia azma yangu akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, batu ba hapa beko bazuri," alisema. "Lakini nyumba, haiko." Nililithibitisha neno lake kila nilipouliza. Wenye kuhitaji kupanga ni wengi kuliko vyumba, wanafunzi wa chuo kikuu hugombea nyumba zile zile na wafanyakazi, na katika bustani iliyo kando ya ukumbi wa mji niliwaona watu wasio na pa kulala, baadhi yao wameshikwa na madawa ya kulevya kwa namna iliyonihuzunisha mno, mchana, mbele ya maduka mazuri. Baridi nayo si ya kuchezewa: usiku wa Januari wastani wake hushuka nyuzi 11 chini ya sifuri, na katika Desemba jua hutua kabla ya saa kumi na nusu ya jioni.

La kutisha zaidi lilitokea Novemba 2023. Vijana watatu wa asili ya Palestina, wanafunzi wa vyuo vya Marekani waliokuja Burlington kwa jamaa wa mmoja wao katika siku za mapumziko, walikuwa wakitembea jioni katika barabara ya makazi, wawili kati yao wamevaa vitambaa viitwavyo kefiye, wakizungumza Kiarabu na Kiingereza, pale mtu aliyetoka barazani alipowapiga risasi. Wote watatu walinusurika, na mmoja wao akapooza. Niliipita barabara ile kwa miguu. Nyumba zake zina maandishi ya amani, miti yake ni mizuri, na nilipofika katikati yake nalimfikiria binti yangu na ushungi wake, nikasimama. Sina hoja ya kuliondoa jambo hilo. Mji wenye rai njema hauna uwezo wa kuhakikisha kwamba kila aliye barazani anayo rai hiyo, na anayehamia huko kwa kudhani amehamia peponi anawadhulumu watoto wake.

Hofu nyingine ilikuwa juu yangu mimi, nayo ilinisumbua usiku. Watu wenye kipato wanaouhamia mji mdogo kwa sababu ya uzuri wa fikira zake, ndio hao hao wanaopandisha kodi zake; kila mmoja huja kwa mapenzi, na mapenzi yao yakikusanyika humsukuma nje yule aliyeufanya mji upendwe. Je, chumba nitakachopanga mimi hakitakuwa kile ambacho yule mama angekipata? Nalijibu nafsi yangu kwamba sisi si matajiri, kwamba kazi yangu inahitajika na wagonjwa walioko kule, na kwamba nikiingia kwa mlango wa amana nitasubiri zamu yangu kama wengine. Majibu hayo ni ya kweli, lakini hayakuifuta hofu yote, na sidhani kwamba inafaa ifutwe yote.

Kabla ya kuondoka nilivuka daraja kwenda Winooski, mji mdogo zaidi, wa watu wapatao elfu nane, uliojengwa kwa viwanda vya nguo na mikono ya Wakanada wasemao Kifaransa, mpaka viwanda vilipofungwa mwaka 1954. Mimi niliyeuona mkonge ukianguka Tanga, na viwanda vikifungwa kimoja baada ya kingine, najua mji uliofiwa na kazi yake jinsi unavyotazama. Huu haukukata tamaa; mwishoni mwa miaka ya 1970, mafuta yalipokuwa ghali, viongozi wake walifikia hata kufikiri kuufunika mji kwa kuba kubwa ili wapunguze gharama ya kujipasha joto, fikira ambayo haikutimia. Leo shule yake ina watoto wa lugha nyingi mno, na barabarani nilisikia Kinepali, Kisomali na Kiswahili kabla sijasikia Kifaransa. Mwaka 2021 Winooski ilipata idhini ya kuwaruhusu wakazi wote wa halali, hata wasio raia, kupiga kura katika mambo ya mji na shule, na Burlington ikafuata mwaka 2023, ingawa gavana wa jimbo alipinga. Mimi na mke wangu ni wakazi wa halali, si raia. Kodi tumelipa tangu mwaka tulioingia nchi hii, na hatujaulizwa kamwe jambo lolote.

Niliporudi Jersey City nalimweleza mke wangu yote kwa mpango niliyoyaona, la risasi pamoja na la hindi, naye akanisikiliza akiwa amefumba macho, kama ilivyo desturi yake akitaka kusikia vizuri. Aliuliza zaidi juu ya mafuriko kuliko juu ya kura. Akauliza yule mama alipanda mahindi mwezi gani, na kodi yake ni kiasi gani, na nani humpeleka hospitali. Kisha akasema kwamba kama tutakwenda, tusiende kukaa kando tukitazama wema wa watu. Jioni za mikutano zitagawanywa, moja yake na moja yangu, na la sivyo tubaki tulipo, ambako hakuna anayetudai chochote zaidi ya kodi. Alitaka pia kuiona Februari kwa macho yake kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote. Alikwenda, akakaa juma zima, theluji ikaanguka karibu kila siku. Akarudi na mafua, na namba ya simu ya mwalimu mkuu, na ahadi aliyomwekea yule mama ya kumsaidia kuandika maneno ya Kizigua kwa ajili ya wajukuu.

Tumepata vyumba vitatu Winooski, ghorofa ya pili, kwa kodi ambayo si nafuu kuliko ya hapa kwa kiasi cha kujivunia. Jina letu limeandikwa katika daftari la wanaosubiri nyumba za amana. Watoto watamalizia shule hapa kwa shangazi yao, nasi tutatangulia, kwani mkataba wa kupanga unaanza tarehe mosi Juni.